Mume wa Bani Malik

Ijumaa baada ya sala, mtaa wa Ghulail hujaa watu hata paka wa Jeddah, ambao kwa kawaida hawamwogopi mtu, hupanda juu ya magari. Wasomali wamefungua maduka ya unga, Wachadi wanachoma nyama, na Wakenya wanazunguka wakitafuta chochote cha kuwakumbusha nyumbani. Rispah alikuwa miongoni mwa hao wa mwisho. Alivaa abaya nyeusi yenye ukingo wa zambarau, mtandio ameuacha ukamwangukia shingoni, na mkononi ameshika fungu la majani mabichi akilipima kwa kiganja, roho yote iko kwenye ugali.

"Dada, hiyo si sukuma wiki."

Sauti ilitoka nyuma yake. Rispah hakugeuka. Mwanamke aliyeishi Saudia hageukii kila sauti ya mwanamume.

"Nani amekuambia natafuta sukuma?"

"Vile umeishika. Waarabu huwa wananusa. Ni sisi tu tunapima mboga kama mtu anakadiria kuku."

Hapo akageuka. Alimwona kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono imesimama, viatu vinang'aa katikati ya vumbi lote lile kana kwamba alibebwa. Rispah akajizuia asicheke.

"Kama si sukuma ni nini?"

"Jirjiri. Inaliwa mbichi. Ukiikaanga na kitunguu inakuwa chungu kama kwinini. Mimi nimeshalifanya hilo kosa, nikala yote kwa sababu nilikuwa nimealika watu."

"Na wao walikula?"

"Walikula wakaenda. Mpaka leo hawajarudi."

Sasa Rispah alicheka, na tuseme ukweli, mambo yaliharibikia hapo hapo. Kijana alijitambulisha: Alfayo, mtu wa Bungoma, dereva wa familia moja ya hapo Jeddah. Ijumaa akishamfikisha bosi wake msikitini na kumrudisha, alikuwa huru mpaka jioni. Alijua Mkenya anayelima sukuma halisi nyuma ya gereji. Angeomba namba amtumie Rispah njia ya kufika huko.

"Yaani unaomba namba yangu kwa sababu ya mboga?"

"Naomba kwa sababu yako. Mboga ni kisingizio. Lakini sukuma ipo kweli, sikudanganyi."

Rispah akampa. Siku mbili baadaye, kazi ya kutafsiri iliyomleta Jeddah ilipoisha, alirudi Riyadh, na simu ikaanza.

Wacha nieleze huyu Rispah alikuwa nani, kwa maana bila hivyo utamhukumu vibaya. Alikuja Saudia na cheti cha ukarani kutoka chuo kimoja cha Kakamega, cheti ambacho hakuna aliyekiuliza, akawekwa kazi ya nyumbani. Nyumba ya kwanza ilikuwa na mlango uliofungwa kwa ufunguo toka alipoingia hadi siku alipotolewa. Kafili wake, yaani mdhamini, hakuwa mtu, ilikuwa kampuni. Kampuni hizo hukodisha wafanyakazi kama watu wanavyokodisha viti vya harusi. Familia ikichoka, kiti kinarudi ghalani, kinangoja harusi nyingine.

Halafu shirika moja la kimataifa lenye ofisi Riyadh, linalosaidia wahamiaji waliokwama, likahitaji haraka msaidizi wa muda anayejua Kiswahili. Wa kupokea simu, kutoa kopi, kupanga mafaili, kuwapa watu maji ya kunywa na kuwatafsiria. Kampuni ikampeleka Rispah. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Wafanyakazi wa kudumu walikuwa na kadi za bluu na pasipoti zao mikobani; Rispah alikuwa na kadi ya kijani iliyoandikwa MUDA, na jioni basi la kampuni lilimrudisha kwenye sakani, yaani bweni lao la Al-Suwaidi, ambapo mlinzi alifunga lango kwa nje. Hata hivyo alikuwa na meza. Alikuwa na kiti chenye magurudumu. Watu walimwita Miss Rispah. Kitu alichokiogopa katika dunia hii kilikuwa kimoja: asirefushiwe mkataba, arudishwe kufungiwa ndani ya nyumba ya watu. Mkuu wake, Beverly, Mkenya wa Nairobi mwenye miwani na roho ya haki, alikuwa amemwambia kwamba mkataba huu ukiisha vizuri atamwombea wa mwaka mzima.

Ofisi ilikuwa na sheria mbili kwa watu kama Rispah. Ya kwanza, usiseme nje unafanya kazi wapi, maana utafuatwa na kila mwenye shida. Ya pili, kesi ya mtu haitoki mlangoni, na kama unamjua mhusika useme mara moja. Kwa hiyo Alfayo aliambiwa tu kwamba mpenzi wake anachapa na kutoa kopi kwa ofisi fulani.

"Ofisi ya nini?"

"Ya makaratasi."

"Haya, mwenye siri. Umekula, Jirjiri?"

Ndilo jina alilompa. Alisema naye ni mchungu ukimpika vibaya.

"Nimekula wali. Nikirudi Kenya sitaki kuuona mchele hata harusini."

"Hata kwa harusi yetu?"

"Nani amesema kuna harusi?"

"Mimi ni dereva, mama. Lazima niangalie mbele."

Alichompendea Alfayo, zaidi ya maneno matamu, ni kwamba alishika simu. Wanaume wengi wa Ughaibuni hushika simu wakitaka. Huyu ungempigia asubuhi, ungempigia akiwa amebeba watoto wa bosi kwenda shule, atasema, "Niko, mama, nipe dakika." Na akisema dakika ni dakika. Tatizo lilikuwa moja, Rispah alianza kuliona: mara nyingi simu ilikuwa inatumika na mtu mwingine.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Watu wa hapa Jeddah. Shida zao tu."

"Watu wana jina?"

"Wana shida, Rispah. Majina wameyaficha."

Akaliacha. Mapenzi yakiwa mapya mtu huacha mengi.

Siku moja Beverly alikuwa anashughulikia kesi ya msichana aliyeitwa Selipher, aliyetoroka kwa mwajiri aliyekuwa akimchoma kwa pasi, akajificha mtaa wa Bani Malik, Jeddah. Selipher alitaka kurudi nyumbani. Alipoulizwa jamaa wa karibu hapa Saudia ni nani, alisema ni mume wake, akatoa namba. Beverly akapiga kwa simu ya mezani, akaweka spika, akamwambia Rispah aandike.

"Niko," ikasema sauti.

Kalamu ya Rispah ikasimama.

"Naongea kutoka ofisi moja ya Riyadh inayosaidia wahamiaji. Wewe ni nani kwa Selipher?"

Honi ya gari ikasikika. "Ni mke wangu, madam. Ako salama? Amekula?"

Amekula. Kwa sauti ile ile. Rispah aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Alikaa chini ya meza mpaka Beverly alipokata simu.

"Uko sawa?"

"Kizunguzungu tu, madam. Sikunywa chai."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Sheria ilikuwa wazi na mlango ulikuwa wazi. Lakini aseme nini? Kwamba mume wa yule maskini ndiye anayemwita yeye Jirjiri kila jioni? Aibu ilimfunga mdomo, na wivu ukakaza fundo. Wiki iliyofuata ikaja kesi ya Mourine. Mume: namba ile ile. Halafu Emmaculate. Mume: namba ile ile.

Mungu akitaka kukujaribu hakupi nafasi ya kujiandaa. Siku hizo hizo bosi wa Alfayo alialikwa harusi Riyadh, akaja na familia yote, na dereva akiwa mbele. Ijumaa alasiri basi la kampuni liliwashusha wasichana kwenye jengo la maduka pale Al-Suwaidi wanunue sabuni na vocha, na Alfayo alikuwa ameshakaa kwenye meza ya juu, karibu na wauza kuku, shati jipya la samawati, nywele zimechongwa. Mezani ameweka kifurushi kilichofungwa kwa gazeti lililoloweshwa maji.

Rispah alivaa makusudi abaya yake kuukuu, ile iliyopauka mabega.

"Umekonda," Alfayo akasema. "Lakini umependeza kunishinda. Fungua uone."

Ilikuwa sukuma wiki. Halisi, majani mapana, ya nyuma ya gereji, imesafiri jangwa zima ndani ya sanduku la barafu la watoto wa bosi. Siku nyingine yoyote Rispah angelia kwa furaha. Hakuigusa.

"Alfayo, una mke?"

"Mimi? Sina."

"Uliwahi kumwambia mtu yeyote kwamba una mke?"

Alfayo alitazama huku na huku, meza za jirani, mlinzi aliyesimama kwenye ngazi.

"Nani amekuambia?"

"Siwezi kusema."

"Umeisikia wapi?"

"Siwezi kusema. Nijibu."

"Rispah, kuna mambo siwezi kuyaongea hapa. Si yangu peke yangu. Watu wataumia."

"Watu. Wale wenye shida?"

"Ndiyo, hao."

"Wangapi, Alfayo? Mmoja? Wawili? Ama niendelee kuhesabu?"

Akashtuka, na huko kushtuka kwake Rispah akakusoma kuwa ni hatia. Kumbe masikini alikuwa anawaza polisi. Kumficha mfanyakazi aliyetoroka ni kifungo katika nchi ile, na yeye alijua kwamba akilitamka jambo lile kwa mtu wa pili, mtu wa tatu atalijua. Basi pale kila mmoja alikaa na kufuli lake mdomoni, mmoja la ofisi na mwingine la Bani Malik, wakatazamana juu ya mboga.

"Niamini tu," Alfayo akasema pole pole. "Nakuomba kitu hicho kimoja."

"Nilikuamini. Nikakaa kwa dirisha la sakani kila jioni kama mjinga, nikisubiri uniulize kama nimekula. Kumbe unauliza kila mtu."

Aliinuka. Basi lilikuwa linapiga honi chini. Sukuma aliiacha mezani, na tangu siku hiyo simu ya Alfayo iliita ikachoka.

Mwezi ule ulikuwa wa mwisho wa mkataba wake. Beverly tayari alikuwa ameandika maombi ya mwaka mzima, bado sahihi tu. Jumapili asubuhi, ambayo kule ndiyo mwanzo wa wiki, akamwita Rispah na kumwonyesha namba aliyokuwa ameizungushia wino mwekundu.

"Wake watatu, Rispah, na wote wametoka kwenye nyumba moja Bani Malik. Huyu si mume. Huyu ni wakala, anawatorosha wasichana na kuwauza kwa watu. Nimeshawaona wa namna hii. Kesho jina lake linaenda kwa polisi."

"Kesho?"

"Kesho asubuhi. Leo Selipher analetwa kutoka Jeddah, anaenda ubalozini kupewa hati ya safari. Mpe chai, mkalishe vizuri."

Selipher alifika mchana, mwembamba, alama ya pasi kwenye mkono, abaya ya kuazima inayoburuta chini. Rispah alimwekea chai na mkate, na akasimama pale akimtazama mwenzake akila. Alikuwa amejiapiza hatauliza. Lakini mwenye kidonda hawezi kuacha kukigusa.

"Mume wako ataweza kuja kukuaga uwanjani?"

Selipher alitafuna polepole. "Mume gani?"

"Si ulisema una mume. Alfayo."

"Aa, huyo." Selipher akaanza kucheka, kisha akamwangalia Rispah usoni, akaweka kikombe chini. "Ngoja kwanza. Wewe ni yule wa picha ya kwa simu yake. Wewe ndiye Jirjiri."

Rispah akakaa kwenye kiti cha karibu bila kuangalia ni cha nani.

"Dada yangu, huyo mtu ametuchosha na habari zako. Ati Jirjiri amesema hivi, Jirjiri amecheka hivi. Na sasa ni wiki mbili hali, hasemi."

"Si ni mume wako?"

"Ni mume wa kila mtu, huyo. Sikiza nikuambie. Ukitoroka usiku na nguo moja, unaenda wapi? Kule Bani Malik dalali wa nyumba hakupi chumba ukiwa mwanamke peke yako. Anauliza, mume wako ako wapi? Alfayo kibali chake cha kukaa, ikama, ni safi, na Kiarabu anajua. Akasimama mlangoni akasema huyu ni mke wangu. Akaja Mourine, ni mke wangu. Akaja Emmaculate, ni mke wangu. Dalali akadhani ni Mwislamu mwenye uwezo. Akamwambia, ya sheikh, umebakisha nafasi moja. Unajua Alfayo alijibu nini? Akasema hiyo moja ina mwenyewe, ako Riyadh."

"Na yeye alikuwa analala wapi?"

"Kwa chumba cha dereva, kwa bosi wake. Analeta unga, anasimama mlangoni, anauliza kama tumekula, anaenda. Hata kukanyaga ndani hajawahi."

"Sasa kwa nini mlikuja kusema uongo huo hapa ofisini? Hapa hakuna dalali."

"Tuliogopa," Selipher akasema. "Kule tumesema ni mume, huku tuseme si mume, nani atatuamini? Na yeye mkimpigia alikuwa anaona akikana, tutafukuzwa chumbani. Uongo ukishapanda gari haushuki njiani."

Rispah alibaki ameshika birika la chai mpaka likamchoma. Sasa kila kitu kilikuwa mbele yake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha kufurahisha. Akinyamaza, kesho Alfayo anakamatwa, lakini yeye anabaki na meza yake, na kiti chake chenye magurudumu, na mwaka mzima. Akisema, inajulikana kwamba alimjua mhusika tangu siku ya spika akakaa kimya. Hakuna ofisi inayomrefushia wa muda aliyefanya hivyo. Na wa muda akitoka pale haendi kwao. Anarudi ghalani.

Alisali sala fupi, ya maneno mawili, kisha akabisha mlango.

"Madam, yule si wakala. Muulize Selipher, atakueleza yote. Yule ni mtu wangu."

Beverly aliinua macho. "Mtu wako kivipi?"

"Nampenda. Yeye ananipenda. Nilimjua kwa sauti siku ile ulipoweka spika."

"Siku ile? Na ukanyamaza mwezi mzima?"

"Nilinyamaza kwa wivu, madam. Sikuwa namficha. Nilidhani ananidanganya, nikataka moyo unipoe kwanza."

Beverly alimwita Selipher, akamsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akamtoa. Kisha akavua miwani akaiweka juu ya yale maombi ya mwaka mzima.

"Jina lake sitalipeleka," alisema. "Lakini nawe siwezi kukubakisha. Hapa watu wanatuletea maisha yao, Rispah. Nikisema wewe ulisahau sheria kidogo tu, kesho mwingine atasahau zaidi. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Ungenyamaza ungebaki."

"Najua, madam."

Wote wawili walilia, kila mmoja kwa namna yake, na haikubadilisha kitu. Mwisho wa mwezi Rispah alirudisha kadi ya kijani. Siku ya tatu kampuni ilimkodisha kwa familia moja hapo hapo Al-Suwaidi, nyumba ya ghorofa mbili yenye ukuta mrefu, mlango wa chuma, na madam aliyeshika funguo zote kwenye mkufu. Mkataba, mwaka na miezi. Simu ilikaa kwa madam, ikitolewa Ijumaa alasiri kwa saa moja.

Ijumaa ya kwanza, kabla hajapiga, iliita.

"Niko," akasema Alfayo, ingawa ndiye aliyepiga.

Rispah alikuwa amekaa kwenye sakafu ya stoo, kati ya magunia ya mchele.

"Selipher alinipigia kabla hajapanda ndege. Kwa nini ulifanya hivyo, Jirjiri? Ungeniacha nishikwe. Ningefungwa, ningetoka."

"Nyamaza, Alfayo. Usiongee kama mtu ambaye hana mama."

"Wewe sasa ndiye umefungwa."

"Ndiyo. Nimefungwa. Usiku nasikia funguo zikizungushwa, natamani kupiga mlango kwa kichwa. Sitakudanganya kwamba niko sawa." Akavuta pumzi. "Nisamehe ile sukuma. Nilikuachia mezani kama takataka."

"Niliipika. Nikaila peke yangu na machozi, watoto wa bosi wakaniuliza kama ni pilipili. Na wewe nisamehe kwa kunyamaza."

"Ungesema nini? Hata mimi nilinyamaza."

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu waliotoka matangani. Kisha Alfayo akasema mkataba wake unaisha, kafili anataka aongeze, na yeye amefikiria kuomba kazi Riyadh awe karibu.

"Karibu na nini? Na ukuta? Mimi sitoki nje hata kutupa taka. Na namba yako sasa inajulikana, leo ni Beverly, kesho atakuwa mtu mwingine. Nenda nyumbani."

"Nikienda, nitaenda kwenu kwanza."

"Kwetu, Butere, bila mimi? Utafanya nini huko?"

"Nitaangalia mbele," alisema, na saa moja ikawa imeisha.

Kwao Rispah, wageni wa aina hiyo, wanaokuja kuposa, hawali chakula cha mtu hivi hivi. Kuku anaweza kuchinjwa, ugali ukasongwa, vyote vikaletwa mezani na kufunikwa. Kwanza binti aitwe mbele ya wazee aulizwe kama anawajua wageni hawa. Akisema anawajua, watu wanakula. Akisema hawajui, ama akinyamaza, wageni wanashika njia na vyao. Baba yake alishafariki, kwa hiyo kiti kilikuwa cha baba mdogo Titus, mzee asiyetaka kusikia habari ya ujumbe wa simu. Alitaka sauti.

Alfayo aliporudi Kenya, walichagua Ijumaa kwa sababu ya ile saa moja ya simu ya Rispah. Lakini Ijumaa hiyo madam alipata wageni, wanawake sebule nzima, na Ijumaa yenye wageni haikuwa na simu. Rispah alimimina kahawa, akapanga tende, akafuta, akamimina tena. Simu ilikuwa juu ya friji, ndani ya bakuli la kioo, imezimwa sauti. Kila alipopita aliiona inawaka na kuzimika. Namba ya mama. Namba ya Alfayo. Namba ya mama. Alijua kule chakula kimefunikwa na kinapoa, na Alfayo amekaa mbele ya watu asiowafahamu, na wazee wameanza kutazamana.

Ilipowaka tena aliichukua.

"Hatimaye," mama akasema. "Ngoja, ngoja, baba mdogo anaongea."

"Rispah," baba mdogo akaanza, bila haraka yoyote, kwa maana mzee wa namna ile hana haraka hata nyumba ikiungua. "Hapa kuna watu wamekuja. Wametusalimia vizuri. Wanasema wametoka Bungoma, na kwamba safari yao inakuhusu wewe."

Madam akatokea mlangoni mwa jiko, kanzu ya kijani ya harusini, bangili mpaka kwenye kiwiko. Akanyoosha mkono. "Rispah. Halas, basi. Leta simu."

"Dakika moja, madam. Nakuomba."

"Mafi dakika, hakuna."

"Sasa katika hawa watu," baba mdogo akaendelea, "kuna kijana hapa, mrefu, ametoa jasho sana. Nakuuliza mbele ya wazee na mbele ya mama yako. Unamjua?"

Mkono wa madam ulikuwa umeshafika kwenye simu. Rispah hakuiachia. Alisema kwa sauti ambayo ilifika hadi sebuleni, na wanawake kule wakanyamaza.

"Namjua, baba. Ni wangu. Wapeni wale."

Vigelegele vilipasuka ndani ya simu, vya mama, vya shangazi, vya mji mzima, hata madam akarudi nyuma hatua moja na kushika kifua.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, madam. Nimeolewa."

Madam alimtazama aproni, akamtazama mikono yenye harufu ya iliki. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Hapa? Jikoni kwangu?"

"Jikoni kwako, madam."

Kwa muda madam hakujua afanye nini na uso wake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mabruk," yaani hongera, na akaichukua simu, vigelegele bado vinalia, akaizima akaitia mfukoni. Kwa kuichukua bila ruhusa, akasema, Ijumaa ijayo hakuna simu. Na ile inayofuata pia. "Yalla, kahawa. Wageni wanangoja."

Rispah alifuta macho kwa kiwiko. Alishika birika kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa wa kulia, kama alivyofundishwa, akaingia sebuleni kuwahudumia wageni wa watu, na kule Butere wageni wake wakafunuliwa chakula, wakaanza kula.